Kikanyagio Madhabahuni

Jumanne, 4 Julai 1995. Nyegezi.

Kwa rehema zake Yeye aliyeniamsha, nafungua ukurasa. Amani na iwe juu ya nyumba hii, juu ya walio hai ndani yake na kumbukumbu ya waliotutangulia.

Zaburi, kisha kumwagilia mchicha, kisha maji ya moto kwa Mama Samweli. Kikohozi hakimsumbui tena. Sindano za kifua kikuu, miaka ile, zilimponya kifua, zikamchukulia masikio. Hunisoma midomo. Asubuhi kanitazama, akasema, "Nyoa ndevu, Baba Samweli, sikusikii." Nimenyoa.

Jioni, kikao cha kamati ya kwaya. Mimi ni mwenyekiti, kwa kuwa ni mzee wa kanisa na mwinjilisti mstaafu. Ajenda ilikuwa moja: kifaa kipi kinunuliwe kwa ajili ya gitaa la besi. Akina mama wamechangisha kwa kuuza maandazi na dagaa. Mwalimu Festo, anayefundisha kwaya, asema besi yetu imepitwa na wakati. Kwaya za mjini zina vikanyagio, yaani visanduku vya chuma ambavyo mpigaji hukanyaga kwa mguu, sauti ya gitaa ikageuka. Elikana, mpigaji wetu wa besi, aliomba spika kubwa zaidi. Ikishindikana, kikanyagio kile kinachosawazisha noti, yenye nguvu na iliyo dhaifu zitoke kwa kimo kimoja. Huyu hukata minofu ya sangara kiwandani na huongea polepole. Hakusikilizwa.

Tumekubaliana kikanyagio. Jumamosi tunakwenda mjini kuchagua.

Zamani waya mmoja wa gitaa uliagizwa Nairobi, ukangojewa kama mvua. Sasa maduka yamejaa. Kujaa kwa maduka si sababu ya kununua. Niliwaza hivyo. Sikusema.

Jumamosi, 8 Julai

Tumerudi na kifaa. Nimechoka miguu.

Kabla ya kuondoka Elikana aliomba tuchukue gitaa la besi, vikanyagio vijaribiwe nalo. Nilikataa. Gitaa lile liliwekwa wakfu. Katika kanisa letu, kilichowekwa wakfu hakitoki kwenda kupigwa dukani katikati ya nyimbo za baa. Utaratibu huo nimeutetea tangu tulipopata ala za kwanza.

"Lakini Mzee," akasema, "kiatu hununuliwa mguu ukiwepo."

Mwalimu Festo akacheka. "Wewe Elikana mambo yako ni sangara. Viatu tuachie sisi."

Mwenye duka alituazima gitaa lake la solo. Vikanyagio vilikuwa vitatu. Cha kwanza kilinguruma kama lori lililotoboka ekzosi. Nikaomba kizimwe mara moja. Cha pili ndicho kile cha kusawazisha. Hatukusikia tofauti yoyote. Mwalimu Festo akasema kimelala. Cha tatu, cha rangi ya bluu, kilipokanyagwa, noti moja ikawa kama magitaa mengi yanayopigwa pamoja ndani ya kanisa kuu. Machozi yalinilengalenga. Nilimwuliza mwenye duka kama kitafaa kwa besi. "Gitaa ni gitaa, Babu," akajibu, na huku anafunga boksi.

Nilikichagua mimi. Elikana alibeba boksi njia nzima.

Jumapili, 9 Julai

Kikanyagio kimewekwa wakfu leo. Mchungaji alikiweka juu ya meza ya madhabahu, akakiombea, akina mama wakapiga vigelegele. Ndipo kikaunganishwa kwa mara ya kwanza. Kiling'arisha sauti. Vijana walipiga makofi.

Mama Samweli aliimba, lakini si kama siku zote.

Niandike jinsi anavyoimba, maana mtu asiyejua hawezi kuamini. Jukwaa la kwaya ni la mbao. Spika ya besi imesimama juu yake, na benchi la akina mama wa alto liko ubavuni mwa spika. Besi hupita katika mbao, ikapanda miguuni mwake mpaka kifuani. Kwa hiyo tu anajua wimbo umefika wapi. Huimba amefumba macho, kama alivyofanya tangu usichana wake huko Musoma, na hakosi nafasi yake ya kuingia. Wageni hawatambui kwamba ni kiziwi. Ni yeye aliyeianzisha kwaya hii. Kuimba ndiko kumebaki kwake kati ya vyote alivyokuwa akifanya pamoja na watu. Mazungumzo yamempita. Sokoni hudanganywa. Katika wimbo alikuwa sawa na wengine.

Leo alivua viatu katikati ya ibada na kukanyaga mbao kwa nyayo.

Nyumbani aliuliza, "Elikana anaumwa? Leo amepiga kama anayegusa kidonda."

Nikamweleza habari ya kifaa kipya. Akatikisa kichwa.

Jumapili, 16 Julai

Ee Bwana.

Kuna wimbo ambao sauti zote hunyamaza, besi ikatembea peke yake, kisha alto huingia. Leo sauti ziliponyamaza, besi haikumfikia. Akaingia. Kabla ya wakati, peke yake, kwa sauti yote, katikati ya ukimya wa waimbaji. Akaendelea ubeti mzima amefumba macho, anatabasamu, akidhani wote wako pamoja naye.

Watoto walicheka. Mwalimu Festo alipunga mikono. Ni kama alipungia ukuta. Elikana aliacha kupiga. Mama mmoja akamgusa bega.

Alifumbua macho, akatazama kulia, akatazama kushoto. Kisha akaketi.

Nilikuwa kwenye benchi la wazee. Sikuinuka kumfuata. Ibada ilikuwa inaendelea, nami ni mzee wa kanisa.

Jumatatu, 17 Julai

Amelifua joho la kwaya, akalipiga pasi, akalikunja. "Mpelekeeni mwingine." Nilisema maneno mengi. Alinitazama midomo mpaka nikamaliza, kisha akaenda kulisha kuku.

Hakula mchana. Nami sikula.

Jumatano, 19 Julai

Elikana amekuja kutoka zamu, anatoa harufu ya samaki. "Shikamoo Mzee." Marahaba. Hakutaka kuketi. Akaniomba twende kanisani, mimi na yeye tu.

Aliniketisha mahali pa Mama Samweli, viatu nimevua, pamba nimetia masikioni. Akapiga wimbo ule kwa kikanyagio. Mbao zilikuwa kama zimekufa. Mtetemo mdogo tu, kama nzi ndani ya kopo. Kisha akachomoa waya, akaliunganisha gitaa moja kwa moja kwenye amplifaya. Akapiga tena.

Ilipanda. Nyayo, magoti, uti wa mgongo. Nilihesabu mapigo bila kusikia kitu. Nilijua wimbo umefika wapi. Basi hivi ndivyo mke wangu alivyokuwa akikaa na Mungu siku za Jumapili, nami nilikuwa sijauliza hata mara moja.

Nilitoa pamba. Elikana akanieleza kwa upole, kana kwamba kosa ni lake. Kikanyagio kile kimetengenezwa kwa gitaa la solo. Hupamba sauti za juu na kuzikata za chini. Masikio yanadanganywa na kule kung'aa. Mbao hazidanganyiki. Kwa besi mtu achague kifaa kilichotengenezwa kwa besi, akijaribu kwa besi yenyewe na spika yake yenyewe. La sivyo, aache waya mtupu.

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema, Mzee. Kile cha kiatu."

Ni kweli. Alisema.

Jumamosi, 22 Julai

Baraza la wazee. Nimeomba kikanyagio kiondolewe kwenye besi.

Mzee mwenzangu akanijibu kwa maneno yangu: kilichotolewa madhabahuni hakirudishwi, wala hakiwekwi kando kama sahani yenye ufa. Akakumbusha mwaka ule nilipozuia ngoma ya zamani isiuzwe. Mwingine akauliza akina mama wataambiwa nini, waliokesha wakikaanga maandazi. Nilisimama nikiwa sina hoja. Hoja zote nilikwisha kuwapa wao, miaka mingi, tena kwa maandiko. Nikasema tu kwamba mke wangu hasikii Jumapili. Machozi yakanitoka. Sijawahi kulia barazani.

Wakanyamaza kwa heshima. Heshima haikuamua kitu.

Ndipo mwenyekiti wa akina mama, aliyeitwa kutoa maoni, akasema kutoka mlangoni, "Jamani wazee wangu, si kuna gitaa la solo humo humo kanisani? Kwani Mungu alitaja kikanyagwe na mguu wa nani?"

Mchungaji alicheka kwanza, kisha wote. Jambo likaisha. Kikanyagio kinahamia kwa mpiga solo.

Lilikuwa jambo jepesi namna hiyo. Lingeweza kuamuliwa siku ya kwanza. Linaniuma zaidi kwa wepesi wake.

Jumapili, 23 Julai

Besi imerudi. Jukwaa limetetemeka hadi kwenye benchi la wazee. Solo nalo limependeza, sina budi kusema kweli.

Nafasi ya Mama Samweli ilikuwa wazi. Akina mama walisogea kidogo, kisha wakarudi, wakaiacha.

Nilikwenda nyumbani mbio, mtu wa umri wangu. Nikamweleza yote, habari ya waya, mbao, baraza. Nikarudia mahali alipokuwa hanielewi. Alielewa.

"Vizuri," akasema. "Mshukuru Elikana."

Akaendelea kuchambua mchele.

Jumapili, 30 Julai

Hakwenda. Nilitayarisha viatu vyake mlangoni. Akavirudisha chini ya kitanda.

Mchana walikuja wenzake wa alto, na ndizi na sukari. Waliimba uani ili wamfurahishe. Mmoja akasema kwa utani, "Shoga, bila wewe tunaimba kama bata wa ziwani!" akipanua mdomo asomeke vizuri. Mama Samweli alicheka, akawapikia chai. Walipoondoka akanishika mkono.

"Baba Samweli, usiwatume tena."

Sikuwatuma. Nilimwambia hivyo.

"Mbao zimepona, nimesikia. Mimi sikuondoka kwa sababu ya mbao. Niliziona nyuso zao. Watoto walicheka, hilo nimesamehe siku ileile, watoto ni watoto. Lakini wakubwa walinihurumia. Miaka yote hii kumbe walikuwa wanajua mimi ni kiziwi, na mimi nilikuwa nimesahau."

Sina fungu la maandiko la kumjibu. Nimetafuta jioni yote. Yapo mengi juu ya masikio yatakayofunguliwa. Sikumsomea.

Jumanne, 1 Agosti

Mwalimu Festo amekuja kuomba radhi. Alikaa ukingoni mwa kiti. Nilimwambia aliyechagua ni mimi. Yeye alishauri tu. Amesema kwaya inafikiria kununua kikanyagio cha kusawazisha, kile kilicholala, na safari hii gitaa litakwenda dukani likiwa limefungwa kwa kitambaa, Mchungaji ameruhusu. Nimesema ni vema. Elikana achague.

Ametaka kumwamkia Mama Samweli. Alikuwa shambani. Au alikwenda shambani alipomwona.

Jumapili, 6 Agosti

Nimeomba ruhusa, sikuketi barazani. Baada ya ibada nilirudi moja kwa moja. Upepo wa ziwani, jua la wastani. Mama Samweli alikuwa uani anamenya mihogo.

Niliketi kwenye kigoda karibu naye, nikachukua kisu cha pili. Nikajikuta naimba wimbo ule, upande wa besi. Sauti yangu si ya kuimba. Mwalimu Festo alinitoa kwaya mapema, nikae na wazee. Niliimba kwa kuwa wimbo haukuwa unanitoka kichwani.

Aliona koo langu linatembea. Akafuta mikono kwenye kanga. Akaweka kiganja kifuani pangu, juu kidogo ya tumbo, akakibonyeza. Nikashuka chini kadiri nilivyoweza. Nilipofika pale ambapo sauti zote hunyamaza nikatembea peke yangu, polepole, noti kwa noti.

Akafumba macho. Akaingia.

Alichelewa. Besi niliyonayo ni ndogo. Nikarudi nyuma nikamngoja, tukaenda pamoja mpaka mwisho wa ubeti, kisha akachukua muhogo mwingine.

Jumapili ijayo hatakwenda. Hakusema, lakini najua. Sitamwuliza.

Bwana unayesikia kabla sauti haijatoka, uilinde nyumba hii na uyapokee yaliyoimbwa ndani yake. Na yeyote atakayefungua kurasa hizi baada yangu, umpe mtu wa kumngoja, umbariki yeye, mlango wake, na wote wanaolala nyuma ya mlango huo. Amina.