Makombo ya Mfupa

Jumapili, 4 Februari

Uji wa maziwa. Kidonge. Misa ya kwanza. Kila Jumapili ni hivyo tangu hospitali ilipoanza kunipa dawa ya mifupa. Wenzangu wa utafiti wa dawa hii wanalalamika kiungulia. Mimi sina. Mimi najua kumeza dawa.

Mkono wa kushoto unauma. Ulivunjika mwaka jana kwa ndoo ya maji, ndoo tu, ukaungana vibaya. Mwanangu Byamungu amepiga simu toka Sange. Ameuliza habari za mkono kabla ya habari zangu. Nimemwambia mkono umelala, mimi niko macho.

Jumatatu, 5 Februari

Hospitali, kutoa damu. Tuliamriwa tusile kitu tangu jana usiku. Nimetii, nikanung'unika njia yote.

Nabintu, jirani yangu, alibeba mkojo wake wa asubuhi kwenye kichupa, ndani ya mfuko mweusi, akiuficha kama ameiba sabuni. Yeye ni wa kundi la magoti. Ile nyeupe ngumu ya kwenye kiungo, tunayoitafuna kwa kuku, kwake imelika. Wanamtafutia mabaki yake kwenye mkojo. Mimi ni wa mifupa, wanatafuta kwenye damu.

Furaha, muuguzi, ametueleza tena. Mwili unabomoa mfupa kila siku, unajenga mwingine. Kwa sisi wazee kubomoa kunashinda. Makombo ya mfupa yanaingia mu damu, labo inayapima. Dawa ikifanya kazi, makombo yanapungua. Nilielewa mara ya kwanza. Anaongea nami kama mtoto wa shule.

Jumatano, 14 Februari

Majivu. Nimefunga hadi jioni, maji tu.

Byamungu amekuja na mchele. Amezunguka nyumba, amesukuma ule ukuta uliolowa mto Mulongwe ulipofurika. Amesema bila kuzunguka: majibu ya damu yakionyesha dawa haisaidii, nahamia kwake. Hataki kupigiwa simu siku moja aambiwe niko chini kwenye tope, paja limevunjika.

Nimekubali. Nina hakika na damu yangu.

Sange naijua. Nilikaa kule mkono ulipovunjika. Mke wake ni mtu mzuri, hilo ndilo tatizo. Alikuwa ananipokonya kisu. Analeta sahani, anaondoa sahani. Nilikaa kwenye kiti kama mgeni asiyejua kuaga. Hapa nauza ndagala, dagaa wa ziwani, mlangoni pangu na nagombana na ninayemtaka.

Jumanne, 5 Machi

Makombo hayajapungua. Hata kidogo. Ni kama sikumeza kitu.

Dokta ni kijana, ana sauti ya upole, ile inayoniudhi. Ameuliza kama nameza kweli. Nimemwaga pakiti tupu zote kwenye meza yake. Akasema pakiti tupu haisemi kidonge kiliingia tumbo la nani. Labda nimemgawia dada. Labda jirani. Watu wa hapa wanagawana dawa, amesema.

Mimi!

Nimemwambia: "Nimelea watoto wanaokuzidi umri, na hakuna aliyeniita mwongo. Tuma mutu Jumapili aje anitazame mu kinywa."

Nimerudi kwa mguu. Hasira imenibeba, sikuona hata barabara. Byamungu sijamwambia.

Jumatano, 6 Machi

Nimeanika ndagala, nimezianua, nimezianika tena. Mvua haikuwepo. Mikono tu haitaki kutulia.

Nabintu amesema labda dawa ya Wazungu haijui mifupa yetu. Nimemwambia afunge mdomo. Halafu siku nzima nimefikiri labda anasema kweli.

Simu ya Byamungu imelia. Sijashika. Nikishika atasikia kwenye sauti.

Ijumaa, 8 Machi

Mteja amesema ndagala zina mchanga. Nimemfukuza. Mchanga ulikuwemo. Naogopa.

Jumapili, 10 Machi

Furaha amekuja kunitazama, na mfuko wake wa hospitali begani. Nilikuwa nakwangua sufuria ya uji. Nimemsuta kwa kuchelewa, maana nilitaka aone yote tangu mwanzo. Nikatwaa kidonge.

Akanishika mkono. Sisi wazee anatuita koko, bibi.

"Koko, unakulaka kwanza?"

Nikamwambia ndiyo, nani anamezaka dawa na tumbo tupu? Dawa ikikosa chakula inakula mutu. Mama yangu alitufundisha hivyo, hata dawa ya minyoo tulipewa na ugali. Na mimi siweki uji wa maji, naweka maziwa, dawa ikute kitu cha maana.

Hakucheka. Nilingoja acheke nimfukuze. Akakaa kwenye kigoda akanieleza taratibu. Hii ni dawa inayotaka kuwa peke yake. Ikikuta maziwa inashikana nayo, inapita nayo, inatoka nayo. Hakuna kinachofika kwenye mfupa. Inatakiwa maji matupu, asubuhi, kabla ya kitu chochote, halafu kukaa wima nusu saa bila kulala, isije ikaunguza koo.

Akauliza hatukuambiwa? Tuliambiwa. Nilisikia "kabla ya kula" nikadhani ni maneno ya watu wanaokula kila saa.

"Na siku ya Majivu ulifunga?"

"Nilifunga."

"Basi kwa Mungu unaweza."

"Mungu hanimezeshi kidonge."

Hapo ndipo alicheka. Mimi pia kidogo. Alipoondoka nimeketi. Aibu imenikaa kifuani kama mfupa wa samaki. Vidonge vyote vile, tangu mvua zilipoanza, nimelisha choo.

Jumatatu, 11 Machi

Dokta ameniondoa kwenye hesabu za utafiti. Zangu zimeharibika. Dawa ataendelea kunipa, na damu watapima tena kiangazi. Ameomba radhi kwa yale ya kugawa. Nimeipokea. Sikuomba yangu.

Furaha amezunguka akiuliza wamama wengine. Kumbe wengi tunakula kwanza. Wale wa kiungulia ndio waliotii, na mimi niliwaita wajinga moyoni. Sasa muuguzi anauliza kila mmoja unamezaje, nionyeshe. Walipaswa kuuliza hivyo mwanzoni. Na mimi nilipaswa kusikia.

Byamungu nimempigia, nimemwambia yote. Akasema, "Mama, miye nakupa mpaka kiangazi. Makombo yakikataa tena, nakuja na magunia ya vyombo."

Nimesema sawa. Nilichukia neno hilo likinitoka.

Jumapili, 12 Mei

Maji. Kidonge. Kiti kigumu. Njaa inazunguka tumboni kama mbuzi kwenye kamba. Nimefagia nikiwa wima, nimepanga vikombe nikiwa wima. Ziwa limepanda, wa kule chini wanahamisha magodoro. Kila anayepita na mzigo namfikiria Byamungu na magunia yake. Nimemgombeza Nabintu bila sababu. Naye akanirudishia. Afadhali.

Alhamisi, 13 Juni

Nimetoa damu juzi. Majibu Jumamosi. Byamungu amesema atakuja siku hiyohiyo, moja kwa moja hospitalini. Nimeonja sombe, majani ya muhogo, mara tatu, sijui kama ina chumvi.

Jumamosi, 15 Juni

Makombo yamepungua. Furaha amenionyesha karatasi mbili, ya zamani na ya leo, na hata mimi nisiyesoma Kifaransa nimeona namba imeshuka.

Akaongeza kwamba mifupa haitarudi kuwa ya msichana. Nikianguka vibaya itavunjika bado. Dawa inapunguza kubomoa, haijazi yote yaliyobomoka. Ningeweza kumficha Byamungu hilo la pili. Nimemwambia yote mawili, barabarani, kabla ya kufika nyumbani.

Alikuwa na magunia chini ya kwapa. Tumefika, ameyakunja, ameyaweka nyuma ya mlango.

"Basi kaa kwako, Mama. Lakini simu ushike."

Nimesema nitashika.

Nimempikia ugali na ndagala zisizo na mchanga. Amekula akamaliza. Halafu amejinyoosha kwenye mkeka, mdomo wazi, kama alipokuwa mtoto. Nimekaa karibu, nikimfukuzia nzi kwa kitenge. Gari la mwisho la Sange limepiga honi kule barabarani. Sikumwamsha.