Nyumba Inayonukia Sabuni Mpya

Jumapili, 17 Novemba 1996

Toronto, hatimaye! Mji wa nyumbani — na siruhusiwi kulala nyumbani. Mami yuko Etobicoke, ghorofa ya kumi na nne, amepika sorpotel, nyama yetu ya nguruwe ya Kigoa, tangu jana kwa ajili yangu. Mimi niko huku katikati ya mji, kwenye chumba cha wageni cha wasichana nisiowajua. Sheria ya Chama chetu cha wanafunzi wa kike: mshauri kama mimi hulala kwenye nyumba ya tawi analolikagua. Wiki nzima. Haya.

Tangu Agosti naishi ndani ya sanduku. Kila wiki chuo kingine, nyumba nyingine, kundi jingine la wanafunzi wa kike wanaoniita dada kabla hawajajua jina langu. Nakaa nao, nakula nao, natazama kama wanafuata kanuni za Chama, kisha naandika ripoti kwa Makao Makuu kule Amerika. Nikisema tawi lifungwe, linafungwa, na nyumba inachukuliwa. Ndiyo maana wote hunichekea.

Na ndiyo maana naandika humu kwa Kiswahili. Vyumba vya wageni havina kufuli. Kiswahili changu cha Mwanza ndiyo kufuli. Huku nani atakielewa?

Hawa wa Toronto wamenichekea kupita kiasi. Mwenyekiti wao, Leslie-Anne, mrefu, meno ya tangazo la dawa ya meno, amenibebea sanduku mwenyewe! Amesifu koti langu, nywele zangu, hata begi langu lililochanika. Kilemba cha ukoka, nimekivaa mara nyingi. Nyumba inanukia sabuni mpya mpaka kwenye ngazi. Nimeshajifunza: nyumba ya wasichana ikinukia sabuni kila pembe, kuna kitu kimesuguliwa. Nini?

Jumatatu, 18 Novemba

Machale yananicheza.

Eti wanapika kwa zamu. Mpishi wao aliondoka, wanajitegemea, wanajifunza maisha. Vizuri sana. Leo zamu ya msichana mmoja wa Calgary, mwekundu kama nyanya, hajui hata kijiko kikubwa kinakaa kabati gani. Amepakua nini? Maharage! Yamelainika, yameungwa kwa kitunguu na mawese. Mawese, jamani! Calgary!

Nikamuuliza ameweka nini ndani. Akasema chumvi.

Nimekula sahani mbili lakini simwamini.

Halafu ghorofa ya tatu. Leslie-Anne amenitembeza ya chini na ya pili, kila chumba, kila kabati. Ya tatu akapita haraka: paa linavuja, hakulali mtu. Nilipotoka kutia barua posta nikainua kichwa barabarani. Dirisha la juu lina pazia. Safi, limepigwa pasi. Nani anapigia pasi pazia la chumba kinachovuja?

Jumatano, 20 Novemba

Kuna msichana mmoja tu mweusi kwenye tawi. Darlène, mwaka wa pili, kutoka Burundi. Nikafurahi! Nikamsalimia kwa Kiswahili. Akaniangalia kama nimemkanyaga. "Sorry?" Eti haelewi. Nikaendelea kwa Kiswahili, nikamwambia kamba ya kiatu chake imefunguka. Akatazama chini papo hapo. Ha!

Kwa hiyo anaelewa na anakataa kuelewa. Kwa nini?

Mchana nimemwona akipanda ghorofa ya tatu na sahani iliyofunikwa.

Sasa nadhani najua. Mwezi wa tisa, kwenye tawi moja kule kusini, tulimkuta msichana mpya amefungiwa chumbani, eti wanampima uvumilivu. Alikuwa anatetemeka. Bado namwota. Na hawa wana mtu juu. Wanampelekea sahani.

Simu ya wageni iko kwenye korido, karibu na mlango wa jikoni. Nimempigia Mami saa nane, wasichana wako madarasani, nyumba kimya. Nikatapika yote: Mami, hawa wananificha kitu, wamemfungia mtu juu, nikimpata tu nalifunga hili tawi, sitawaonea huruma. Mami akasema, Bianca, wewe tangu utoto unaona mwizi hata kwenye kivuli cha koti. Akauliza kama nakula.

Alhamisi, 21 Novemba

Wanajua!

Asubuhi Leslie-Anne amekuja na kahawa, macho mekundu. Amesikia kwamba nafikiria kuwafunga. Ni kweli?

Amesikia wapi? Sijamwambia mtu. Ripoti sijaanza. Nimemwambia Mami tu, kwa Kiswahili, nyumba ikiwa tupu. Darlène? Hapana, saa nane alikuwa maabara, nimeuliza kwa ujanja, wenzake watatu walikuwa naye. Basi nani? Nimefungua kile kidude cha kusikilizia cha simu, nimeangalia ndani. Waya tu. Nimejiona mjinga, lakini nimeangalia.

Leo kila mtu ananiita dada mara mbili kwenye sentensi moja.

Ijumaa, 22 Novemba

Nimewapiga chenga. Baada ya chai nikavaa koti, kofia, glavu, nikaaga: naenda kuonana na wakubwa wa chuo. Nikazunguka mtaa mmoja, theluji usoni, nikaingia kwa mlango wa nyuma taratibu.

Mama mmoja, mtu mzima, amepiga magoti kwenye ngazi, anasugua. Ndoo, brashi, kitenge kiunoni. Na juu — Mungu anisamehe, hiki ndicho nilichokiona kwanza — sweta la Chama! Herufi zetu kifuani! Lile halivaliwi na asiyekula kiapo. Nikataka kumwambia avue.

Akageuka. "Karibu, mwanangu," akasema, kwa Kiswahili, kama mwenye nyumba. Kisha akaziba mdomo kwa mkono wenye povu.

"Shikamoo, mama," ikanitoka. Nikamuuliza ni nani.

"Miye Mama Darlène. Thacienne." Akabaki palepale, magoti chini. "Ni weye uliongea na mama yako kwa simu. Nilikuwa hapo jikoni, naosha masahani. Nilisikia yote. Nikamwambia mtoto. Unisamehe, ningefanya nini?"

Mimi na kufuli yangu! Nasimama kwenye korido ya Wazungu namwaga siri kwa sauti ya sokoni, kumbe nyuma ya mlango kuna mzaliwa wa Bwiza, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, anayekijua Kiswahili kunishinda. Niliona aibu. Nikakaa kwenye ngazi, kwenye maji, koti na yote.

Alifika mwisho wa Septemba. Mambo ya kwao yalishaharibika, mume hajulikani alipo. Kituo cha wakimbizi kilijaa, akina mama wanalala koridoni. Darlène akamleta hapa kwa siku mbili. Wasichana wakakaa kikao, wakapiga kura, wakakubali abaki. Sweta walimpa wao, baridi ilimzidi.

Roho ikalainika. Nikafikiri: hiki ndicho kiapo chenyewe, mama wa dada ni mama yetu, na mimi nimekuja na panga.

Halafu nikauliza kuhusu mpishi. Akasema alimkuta. Walikaa wote wiki moja, kisha wasichana wakamwambia mpishi asirudi.

Wiki moja!

"Wanakulipa, mama?"

"Wanilipe nini? Miye ni mgeni."

"Mgeni hasugui ngazi."

"Na nikae bure? Nile bure? Hapana, mwanangu. Mikono iko mizima."

Nikamuuliza wazi kama wanamtendea vizuri. Akatazama juu, akatazama mlango. Vizuri sana, akasema, vraiment, kweli kabisa, vizuri sana, binti yake wanamwita dada.

"Na wewe wanakuitaje?"

Akafikiri kwa kweli. "Hawaniiti," akasema. "Wanagonga mlango, nateremka."

Hakulalamika. Alisema tu, kisha akachukua brashi, akaniomba nisogee, pale nilipokaa hapajasuguliwa.

Jumamosi, 23 Novemba

Leslie-Anne amelia. Machozi ya kweli au ya jukwaani? Nimeyachunguza, sijui. Anasema walivunja sheria kwa ajili ya mama wa mwenzao — kumlaza mtu asiye mwanachama ni kosa, anajua — na angeivunja tena. Hakuna aliyemwomba yule mama apike. Alianza mwenyewe. Anapenda kuwa na shughuli. Nikamuuliza, na mpishi? Akawa mwekundu mpaka shingoni. Pesa zilikuwa ndogo, akasema.

Mbaya au mwema? Sijui! Kazi yangu yote ni kujua, na sijui. Labda hata wenyewe hawajui. Walianza na huruma, siku ya tatu wakakuta vyombo vimeoshwa.

Darlène amenifuata chumbani. Kwa Kiingereza, haraka, bila kukaa. Kesi ya ukimbizi ya mama yake itasikilizwa Februari. Nikiandika ni mgeni, wamevunja sheria ya malazi, nyumba inafungwa. Nikiandika ni mfanyakazi, mama hana kibali cha kazi, kesi inaharibika. Andika hakuna mtu, akasema. Huo ndio wema pekee ulio nao.

Nikamwambia kwa Kiswahili: "Na wewe, ukimwona mama yako na ile ndoo, unajisikiaje?"

Akanijibu kwa Kiingereza kwamba anapitia mlango wa nyuma ili asimwone. Akatoka. Nilimwonea huruma sana, na nilimkasirikia sana.

Nimempigia Mami, safari hii kwa kunong'ona. Nikamweleza yote. Mami hakusita hata kidogo: "Maskini! Mlete hapa, Bianca. Kitanda cha kaka yako kipo. Tena na haya magoti yangu, atanisaidia na vyombo."

Vyombo! Hata yeye! Mami yangu, anayetoa nguo zake kanisani! Akauliza, vipi, mbona umenyamaza? Nikasema laini inakatika.

Nimeamua. Desturi ya Chama, dunia nzima, kwenye chakula cha kumuaga mshauri: hakuna mpishi wala mtumishi. Mwenyekiti ndiye huinuka wa kwanza, huleta sufuria, na wakubwa huwapakulia wadogo. Ni kiapo, si mchezo. Nimemwambia Leslie-Anne: kesho mchana Mama Thacienne anakaa mezani, kando yangu. Mgeni kama mimi. Akapiga makofi — wazo zuri sana!

Sikumwambia la pili. Wakiinuka wakampakulia, naandika kwamba sikuona mtu, na nitaapa kwa hilo. Akiinuka yeye kuwapakulia, nalifunga tawi, na Mungu anajua nitampeleka wapi.

Jumapili, 24 Novemba

Nimejifungia choo cha chini, mlango wa pili kutoka chumba cha kulia. Nimesema naenda kunawa mikono. Naandika juu ya goti.

Mama Thacienne ametoka misa, amevaa kitenge cha kijani na hereni. Amependeza! Wasichana wameshangilia. Leslie-Anne amemvutia kiti, kwa heshima kabisa. Darlène ameketi mbele yake, macho mezani. Tumesali. Amina.

Halafu — hakuna.

Wote wameketi. Wanatabasamu. Wali uko jikoni, harufu inatufikia. Nikasubiri mwenyekiti ainuke. Anazungumza habari za theluji. Yule wa Calgary amekunja kitambaa chake mara tatu. Wanasubiri chakula! Si kwa ubaya. Wamesahau tu kwamba chakula hutembezwa na mtu. Hakuna aliyemtazama Mama Thacienne, na yeye mikono yake imeanza kuhangaika juu ya kitambaa, kulia, kushoto. Nimeona mabega yake. Sikuweza kutazama zaidi, nimekimbia.

Sikumwonya. Kwa nini sikumwonya? Nimemweka pale kama mtihani, na paa la juu ya kichwa chake ndilo alama.

Kiti kimoja kinaburutwa.

Hatua, kuelekea jikoni. Sasa sauti ya Darlène, kubwa, mbele ya wote, kwa Kiswahili: "Mama, kaa!"

Hakuna kiti kingine kinachoburutwa. Sasa Leslie-Anne anacheka kidogo, anasema kwa upole kabisa mwacheni, anafurahia.

"Mama, nimesema kaa!"

Natega sikio. Kiti cha Mama Thacienne hakijarudi.