Lango Ninalomficha Kaka Yangu

Shangazi mpendwa, shikamoo. Naandika nikiwa nimejifungia stoo ya karakana tunakoshona sare za shule, wenzangu wanadhani natafuta zipu, na nakuomba unisaidie maana mwanao nimejiingiza mahali sijui nitatokaje.

Kaka yangu ni fundi umeme, mtu wa masihara, na zamani kabla sijaolewa tulikuwa na gemu letu la wachawi na mazimwi ambalo tulilicheza kila Jumapili, yeye anashika pedi ya vitufe na kupigana, mimi nasoma ramani na kumpigia kelele, na mle ndani tulikuwa na shujaa mwanamke mwenye upinde tuliyempa jina la utani la mama yetu, Mama Kelele, na tulikuwa tumebakiza ngome ya Mfalme wa Majivu tu ndipo nikaolewa nikahama, mashine ya gemu ikafungwa kwenye shuka ikawekwa juu ya kabati, tukasema tutamaliza siku moja, na miaka ikapita hivyohivyo.

Mwaka huu kaka ameota uvimbe kichwani. Macho yamekwenda kabisa, hospitali wamesema hakuna tena cha kufanya, tukamrudisha nyumbani kwa mama, na siku ya kwanza tu akaniambia, "Mdogo wangu, ishushe ile mashine. Utakuwa macho yangu. Tummalize yule mfalme, halafu basi." Shangazi, hiyo "halafu basi" ndiyo iliyonimaliza.

Nikaishusha, nikaifuta vumbi, ikawaka. Mama Kelele alikuwa amesimama palepale tulipomwacha, begi limejaa uyoga ambao sikumbuki tuliuchuma wa nini, na pete ya mjane fulani tuliyeahidi kumpelekea, na vidole vyangu vilikuwa vimesahau vitufe vyote hata nikamtumbukiza mtoni, kaka akacheka mpaka mama akaja mbio kutoka jikoni akidhani amezidiwa. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo tangu augue. Basi kila nikitoka kazini napitia kwa mama, nakaa ukingoni mwa kitanda, nacheza huku namsimulia ninachokiona, tukampelekea mjane pete yake, tukavuka kinamasi, tukafika kwenye lango la ngome, mahali ambapo mvua hainyamazi, na hapo nikamtazama alivyokonda, nikajua tukimaliza hili atajiachia aende zake.

Nikamdanganya. Nikasema daraja la kuingilia limekatika, itabidi tuzungukie milimani. Tangu hapo namtembeza Mama Kelele mbele ya lango lilelile, huku nasimulia milima isiyokuwepo na majambazi niliowatunga mwenyewe, nimefikia hadi kuwatafutia watu mbuzi wao waliopotea, naye anasikiliza tu. Juzi akaniuliza, "Na huko milimani mvua hainyamazi?" Nikasema ndiyo, ni msimu wake. Akasema, "Haya, tafuta mbuzi wako."

Kila siku anazidi kuchoka, sasa anasinzia katikati ya maneno. Mama ananiambia niendelee hivyohivyo, kwamba kinachomweka hai ni hicho anachokisubiri. Mume wangu anasema nimwambie ukweli. Nifanye nini? Nikifungua lango si nitakuwa nimemuua kaka yangu kwa mkono wangu?

Dada Mtu

*

Dada Mtu, marahaba. Toka stoo kwanza, ukae mahali penye hewa.

Pole sana, mwanangu. Imeniuma, na nimeisoma barua yako mara mbili. Lakini gemu haliui mtu, na wala haliponyi. Kinachomwondoa kaka yako ni uvimbe. Mama yako nisalimie, umwambie namwelewa na wala simlaumu, ila katika hili amekosea.

Wewe nitakugombeza. Mtu amekukabidhi macho yake, nawe umemfunga kitambaa juu ya upofu wake! Halafu soma barua yako mwenyewe. Unasema langoni mvua hainyamazi. Kaka yako amepoteza macho, masikio anayo. Mvua ileile aliyoisikia siku mliyofika ndiyo anayoisikia kila jioni kwenye televisheni, wakati wewe unampandisha milima. Anajua mko wapi. Alijua tangu siku ya kwanza. Alipokuuliza habari za mvua alikuwa anakupa nafasi useme, ukamjibu ni msimu wake, naye akakuachia uendelee na mbuzi wako. Hivi kweli ulidhani ana haja na mbuzi? Nguvu kidogo alizobakiza anazitumia kukusubiri wewe uwe tayari. Unadhani unamlinda, kumbe yeye ndiye anayekulinda, na amechoka.

Kwa hiyo acha mchezo. Omba ruhusa kazini, nenda asubuhi akiwa bado na nguvu, usingoje jioni. Mwite mama yako akae nanyi, kwani yule mwenye upinde amebeba jina lake. Hotuba za msamaha sizitaki, mwambie tu, "Kaka, tuko langoni." Ongeza sauti ya televisheni. Kisha mpe pedi mkononi, ndiyo, yeye, maana alizoea kupigana, na vidole vyake huenda vinakumbuka vilichosahau vyako. Wewe mpigie kelele kama zamani: kulia, kushoto, piga, rudi nyuma! Mkishindwa, rudieni. Akichoka, shikeni pamoja. Mkishinda usizime haraka. Msimulie yote yanayopita mpaka mwisho, hata kama amesinzia.

Utalia, na ulie tu, nani atakukataza? Lakini utakuwa umemfikisha alikokuomba.

Hukuniachia namba ya simu, na gazeti hili hutoka mara moja kwa wiki, hivyo barua yako imengoja zamu hapa mezani kwangu nami sina la kufanya. Ukifika mstari huu, weka gazeti chini, muage msimamizi wako, nenda. Na ukikuta jibu langu limechelewa, washa mashine hivyohivyo, fungua lango, na umsimulie kaka yako kwa sauti.