Jiwe Chini ya Mtungi wa Mama

Jumatano, 3 Aprili

Kikao cha kamati. Wanataka kuujenga upya ukuta wa mji wa kale, upande wote wa lango la kusini. Tatizo — hawajui ulipita wapi. Bwana Tak wa halmashauri anasema ulifuata barabara ya soko. Ramani ya zamani inaupandisha juu, nyuma ya nyumba zetu. Ikiwa ni juu, nyumba zinabomolewa. Wakaniuliza mimi, mwalimu wa jiografia. Nikasema ramani za zamani si za kuaminika sana. Sauti yangu mwenyewe sikuipenda.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimemsaidia Mama kuosha mitungi yake ya mchuzi wa soya, huko nyuma ya nyumba. Ule mkubwa umekalia jiwe la ukuta. Nalijua tangu utotoni, na maandishi yake: Sorim, jina la wilaya. Kila wilaya ilijenga kipande chake na kuchonga jina, ili kikibomoka ijulikane nani wa kulaumiwa. Halijawahi kusogezwa. Ushahidi gani tena!

Sitasema. Jirani yetu Bibi Gu alihamishiwa ghorofani — mitungi yake ikakosa pa kukaa — hakumaliza mwaka. Mama ana miaka themanini na minane. Yeye pia sijamwambia habari za kamati. Ya nini kumpandisha presha?

Jumatatu, 8 Aprili

Darasani leo: mipaka ya miji ya kale. Nimeona haya. Lakini ni mama yangu!

Alhamisi, 11 Aprili

Bwana Tak amekuja kupima. Nilimwambia Mama ni mtu wa kupima barabara tu. Mama akamwandalia chai ya shayiri. Kwenu wapi, baba? — hawezi kumpa mtu chai bila kumuuliza kwao. Sorim, akajibu.

Mama akapiga makofi! "Kumbe! Basi wewe si mgeni, mwanangu. Mababu zako ndio walionijengea ukuta wa nyuma. Njoo uone, jina lenu lipo."

Nikasema mtungi ni mzito, Mama, acha. Akanicheka. "Mwache, ana mgongo huyu. Umezeeka kunishinda!"

Nimekimbilia jikoni, eti kuongeza chai. Naandika nimesimama. Dirishani namwona Bwana Tak ameukumbatia mtungi. Mama anamwambia taratibu, usimwage. Umenyanyuka. Ameuweka kando, analiinamia jiwe. Mama amevua kitambaa chake cha kichwa, amepiga magoti, anasugua jiwe ili jina lisomeke vizuri.