Ufa Nyuma ya Kabati la Bibi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na naomba radhi mapema kwa urefu wa barua hii, kwa sababu mimi ni mtu wa kuandika kuliko kusema, hata darasani nikijua jibu naliandika pembeni mwa daftari nikamwachia jirani yangu anyooshe mkono, na jambo hili nimejaribu kulisema nyumbani mara nne, wakati wa chakula, na mara zote nne nimeishia kuomba nipitishiwe chumvi.

Nina miaka kumi na sita, niko sekondari. Nyumbani wananiita Profesa, si kwa kunisifu, ni kwa sababu nasoma chochote chenye herufi, hata gazeti lililofungiwa sabuni. Baba yangu ni mwashi. Mtaani wanamwita Timazi, maana ile kamba yake yenye chuma cha kupimia kama ukuta umesimama wima haitoki mfukoni, hata akivaa suti anayo. Nyumba tunayoishi aliijenga mwenyewe kabla sijazaliwa, mama akimchotea maji ya kukorogea saruji, na mgeni akija Baba hamkaribishi sebuleni kwanza, anamzungusha nje amwonyeshe kona zilivyonyooka.

Sasa kona moja imepasuka.

Ni ya nyuma, kwenye chumba cha Bibi, mama yake Baba. Ufa ulianza chini ya dirisha, mwembamba kama unywele, ukateremka ngazi kwa ngazi ukifuata viungo vya matofali mpaka karibu na sakafu. Baba akauziba kwa lipu, baba mdogo ambaye kazi yake ni kupaka rangi akaja akapaka, tukasahau. Baada ya wiki tano ukarudi palepale. Akauziba tena. Uliporudi mara ya tatu hakuuziba, alisukuma kabati la nguo la Bibi likaufunika, akasema nyumba inajituliza tu, nyumba zote hufanya hivyo, lakini nyumba ina miaka kumi na minane, ingekuwa ya kujituliza ingekuwa imeshatulia. Siku hizi mlango wa Bibi ukiufungua unakwaruza sakafu. Bibi anasema mlango wake umenenepa. Sote tunacheka isipokuwa Baba.

Mwezi huu ulipoanza, mwalimu mkuu wa shule yetu alikuja nyumbani kumwomba Baba ajenge msingi wa maktaba ya shule, maktaba, mshauri, sisi ambao vitabu vyetu vinakaa kwenye maboksi chini ya ngazi na vingine vimeshaliwa na mchwa, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na trei ya chai nikajikaza isije ikaniponyoka kwa furaha. Baba akavitazama vidole vyake. Kisha akasema, "Mwalimu, tafuta fundi ambaye nyumba yake imesimama." Mwalimu mkuu akadhani ni utani, akacheka, akasema atarudi mwisho wa mwezi kuchukua jibu. Haukuwa utani. Tangu siku ile Baba anachukua kazi za kupiga lipu na kuweka vigae tu, msingi hagusi, na juzi nilikuta timazi yake imetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, jambo ambalo sijawahi kuliona tangu nipate akili.

Na kosa si lake. Ni langu.

Mwaka juzi nilisoma kitabu cha umwagiliaji, nikapanda alizeti chini ya dirisha la Bibi ili azione akiwa kitandani, na kwa kuwa nilichoka kubeba ndoo, nikaenda kwenye bomba linalotoa maji ya karo la kufulia kuyapeleka mtaroni, nikazungusha kiwiko chake, nikachimba mfereji mdogo unaofuata ukuta, nikaufunika kwa mawe bapa upendeze, na tangu hapo maji yote ya kufulia ya nyumba nzima yakawa yanaishia kwenye mizizi ya alizeti zangu, yaani miguuni mwa msingi. Alizeti zikapita dirisha kwa urefu. Nikaandika ripoti, nikaipeleka kwenye maonyesho ya sayansi ya shule, nikawa wa kwanza. Kwenye mchoro wangu ukuta wa nyumba ulikuwa mstari mmoja tu wa penseli, niliuchora nikaupita bila kujiuliza umesimama juu ya nini. Baba alikitundika cheti changu sebuleni kwa mkono wake, akakipima kwa pimamaji kisilale upande, na hakuna mgeni anayetoka bila kuambiwa kwamba binti yake ni mvumbuzi.

Miezi miwili iliyopita, kwenye yale maboksi chini ya ngazi, nilikuta kitabu cha udongo. Kinasema udongo wa mfinyanzi ukilowa unavimba na ukikauka unanywea, na ukiloweshwa kila siku chini ya msingi unalainika mpaka kona inazama. Nilisoma ukurasa ule mara tatu nimesimama. Nilipofika nyumbani nilijipenyeza nyuma ya kabati nikabandika kipande cha karatasi juu ya ufa, kwa uji wa unga, nikaandika tarehe. Bibi aliniona. Akauliza, "Unaufunga ukuta bandeji?" Nikamwambia ni kazi ya shule. Siku ya kumi na moja karatasi ilikuwa imechanika katikati. Sikufanya kitu, nilibaki nikiogopa tu, mpaka siku ile ya mwalimu mkuu, ndipo nikarudisha kiwiko cha bomba kama zamani bila kumwambia mtu, nikabandika karatasi nyingine. Leo ni siku ya kumi na tisa. Haijachanika.

Sasa, mshauri, kama ufa umesimama, si ninaweza kunyamaza? Kila kitu kinaweza kukauka kimyakimya, lipu ikawekwa, kabati likarudi mahali pake. Lakini Baba ataendelea kuamini kwamba alijenga vibaya. Na nikisema, atakumbuka kwamba siku zote hizi nilimwona anainamisha kichwa nami nikaendelea kula. Hilo naliogopa kuliko maji. Mwisho wa mwezi umebakiza siku kumi na mbili.

Ni mimi,
Profesa asiye na sauti

*

MSHAURI ANAJIBU

Profesa, mwanangu, kabla hujasoma mstari wa pili weka gazeti chini, mwite mama yako, mkahamishe kitanda cha Bibi chumba kingine. Sitanii. Umeniandikia kurasa nne, umehesabu siku kumi na moja, umehesabu kumi na tisa, umenieleza hata uji wa unga, na hakuna mahali ulipoandika kwamba yule bibi ametolewa chini ya ukuta ule. Mfereji uliuchimba kwa kutojua. Hili la Bibi ulilijua.

Umerudi? Haya, tuongee.

Barua yako nimeipitisha mbele ya foleni kwa sababu ya hizo siku kumi na mbili, nikaipeleka kwa mhandisi wa majengo, mama mmoja anayeongea kama yeye yuko ghorofani na wewe uko barabarani. Aliucheka mlango ulionenepa, kisha akaacha kucheka. Akauliza ufa ni mpana wapi, juu au chini, maana kama umeachama karibu na dirisha ukawa mwembamba karibu na sakafu, huenda kona inazama. Hukuandika. Kapime kwa rula. Akasema ukuta hautibiwi kwa barua, lazima mtu achimbe shimo nje ya kona mpaka aone unyayo wa msingi na kuushika udongo ulio chini yake. Lakini akaniambia neno moja nikuandikie kama lilivyo: "Msingi uliokaa miaka kumi na sita bila kulalamika, ukaanza kupasuka ulipomwagiwa maji, mimi siwezi kumlaumu aliyeujenga."

Nakili maneno hayo kwenye daftari. Utayahitaji.

Unaniuliza kama unaweza kunyamaza. Unaweza, mdomo ni wako. Ila utazame ule msumari nyuma ya mlango kila asubuhi ukienda shule, mpaka umalize shule. Baba yako anajihukumu kwa kosa ambalo ushahidi wake wote unao wewe, umeandikiwa tarehe, umebandikwa ukutani. Halafu kuna na hili: asiyejua maji yalipita wapi ataitengeneza kona leo, na kesho mwingine atazungusha tena kiwiko kwa nia njema kama yako.

Na Baba yako, ambaye utampa gazeti hili alisome, nina neno naye. Timazi, ukuta wa mteja ungeuzunguka nje kwanza, ungeyaona mawe yale kabla hujavua koti. Wa kwako uliuzibia ndani mara mbili, mara ya tatu ukauwekea kabati, kwa sababu uliogopa utakachokikuta. Mwanao kaficha nje, wewe umeficha ndani, na ukuta ni uleule mmoja. Mmefanana, wala sishangai.

Sasa wewe, binti. Usiniambie huna sauti, sauti unayo, ila unaitafuta mezani mbele ya watu wote na linalokuponyoka ni chumvi. Acha meza. Jumapili asubuhi mwombe Baba mtoke nje nyuma, ninyi wawili tu. Usianze kueleza. Inama uinue jiwe la kwanza, halafu la pili, mpaka yeye, fundi wa kona zilizonyooka, aone mwenyewe mfereji unaelekea wapi. Mpe zile karatasi, iliyochanika na isiyochanika. Kisha sema sentensi moja, uifanyie mazoezi kwenye kioo kuanzia leo: "Baba, ulijenga sawa, mimi ndiye niliyepeleka maji." Umsomee na yale ya mhandisi. Halafu nyamaza, hapo ndipo kunyamaza kunafaa. Akikasirika, mwache akasirike. Akiuliza kwa nini hukusema, mwambie uliogopa, na usiongeze kitu. Sijawahi kukutana naye, lakini mtu aliyekipima cheti cha mwanawe kwa pimamaji hatakitupa kwa hasira ya siku moja. Kile cheti kibaki ukutani. Alizeti zako ziliota kweli, ulichokosea ni mchoro tu, ule ukuta uliouchora ukaupita. Chora mwingine.

Kazi yenyewe Baba ataijua kuliko mimi, lakini mhandisi amesisitiza haya, na mimi nayarudia ili mtu asifanye haraka. Mfereji ujazwe udongo ushindiliwe, na ardhi pale iinamishwe kidogo maji ya mvua yaikimbie nyumba. Alizeti zihamishiwe mbali na ukuta, hatua sita au saba, na Bibi awekewe kiti nje awe anaziona vizuri zaidi. Karatasi ni nzuri kwa kuanzia lakini inalegea, inavutika, inaweza kukudanganya kwa huruma. Bandikeni kipande chembamba cha kioo juu ya ufa kwa saruji, ncha zote mbili, kisha mngoje mpaka mvua zije na ziondoke. Kioo hakina huruma. Kikibaki kizima, lipu ibomolewe, vyuma vyembamba vilazwe kwenye viungo vya matofali kuushona ufa, ndipo baba mdogo aitwe na rangi yake, si kabla. Kikivunjika, Baba achimbe chini ya msingi kipande kwa kipande, kila kipande kijazwe zege na kikauke ndipo aguse kinachofuata, asije akaiacha kona nzima ikining'inia. Na kabati lisirudi pale. Ukuta unaotibiwa unatakiwa uonekane kila siku.

Mkishabandika kioo, usiandike tarehe wewe. Mpe Baba penseli aandike mwenyewe kwa mwandiko wake, kisha umletee timazi yake kutoka kwenye ule msumari. Mwalimu mkuu asingoje mwisho wa mwezi, mfuateni Jumatatu, na Baba amwambie ukweli wote pamoja na wa mfereji, kwa sababu shule inahitaji fundi aliyekwisha kuona maji yanavyoharibu msingi.

Na siku maktaba itakapoanza kuchimbwa, nenda ukasimame pale utazame tangu jembe la kwanza. Ila bomba lolote utakaloliona, mwanangu, liache lilivyo.