Nimesaini Daftari la Msiba wa Mtu Nisiyemjua

Ujerumani, Septemba

Mama yangu mpendwa,

Kamwene, Mama. Baridi imeyaachia magoti yako, au bado unaamka unayakanda? Macho je, ukungu umezidi? Viazi vya kule bondeni mmeshavitoa? Nijibu moja moja, siyo lile "tupo" lako la kwenye simu. Mimi mwili ni mzima. Kazi ni ile ile ya kufua mashuka kwenye nyumba ya wazee. Mikono imechubuka kwa sabuni, lakini nakula na nalala.

Najua anayekusomea barua hii ni kaka Amosi, kaja kutoka Makambako baada ya ibada, miwani imemshukia puani. Kaka, kamwene na wewe. Tangu mlipomzika Baba mwezi wa Juni hujapokea simu yangu hata moja, na sikulaumu. Lakini barua ya Mama huwezi kuikata kama simu. Itabidi uisome mpaka mwisho, na usiruke mstari, maana Mama atakujua kwa sauti.

Wiki iliyopita kazini waliwatoa wazee matembezi, nami nikaambiwa nisukume kiti cha bibi mmoja asiyeweza kutembea. Tukaenda kwenye nyumba ya mshairi wa zamani. Huku mtu wa namna hiyo akifa, vitu vyake havigawanywi. Nyumba inatunzwa vile vile alivyoiacha, na watu wanakuja kuitazama. Hayo nimeyajua baadaye. Siku ile nilishika maneno mawili tu, nyumba na bustani, kwa sababu Kijerumani changu bado ni cha kuokoteza.

Mlangoni tukavalishwa vitambaa juu ya viatu tusichafue sakafu. Watu wote wanaongea chini chini. Tukiingia tu, kuna meza. Juu ya meza picha ya mzee kwenye fremu, kando yake maua, na mbele ya picha daftari kubwa limefunguliwa, kalamu juu yake. Mama, wewe ungeelewa nini? Mimi nikajua hapa pana msiba, tena wa juzi. Nikaanza kutafuta kwa macho mjane yuko chumba gani nikampe mkono wa pole.

Nikashika kalamu. Nikaandika jina langu, nikaandika Njombe, nikaandika kwa Kiswahili: "Poleni sana kwa msiba. Nimekuja kuhani. Nisameheni, nimechelewa." Nilitaka kuishia hapo, mkono ukakataa. Nikaongeza: "Nilisema nakuja, sikuja." Nilipoyaona hayo maneno kwa mwandiko wangu mwenyewe nikaangua kilio. Siyo kilio cha huku cha kujifuta kwa kitambaa, ni kile cha kwetu, cha sauti. Bibi wa watu akanishika sketi kwa nguvu, akidhani nimeumwa na kitu.

Mama mmoja mwenye nywele nyeupe, ndiye mtunzaji wa nyumba ile, akatutoa nje bustanini. Laiti ungeiona hiyo bustani, Mama. Kabichi, maharage yaliyosimikiwa miti, viazi, na mpeasi mzee ulioegemea ukuta kama ule wa Baba nyuma ya jiko. Wanapanda vile vile alivyopanda yeye, tuta kwa tuta. Akanikalisha kwenye benchi, akaniuliza polepole, kwa maneno mepesi, nimeandika nini.

"Nimetoa pole."

"Kwa nani?"

"Kwa wenye nyumba. Mzee amezikwa lini?"

Akanitazama. Hakucheka, Mungu ambariki. "Yapata miaka mia mbili," akasema.

Hapo mimi ndiye niliyecheka, machozi bado yanatiririka. "Basi nimechelewa kweli."

"Hapana," akasema, akaangalia saa yake. "Tunafunga saa kumi na moja. Kabla ya hapo hakuna aliyechelewa."

Alikuwa anazungumzia mlango wake tu, najua. Lakini nimekaa na neno lile wiki nzima, na ndilo lililonifanya nichukue karatasi.

Sasa sikilizeni wote wawili. Siku Baba alipofariki nilisema kwenye simu, "Nakuja, nisubirini." Mkanisubiri. Mkasogeza maziko siku nzima, ndugu wa Lupembe wakalala chini ya turubai kwenye baridi ile ya Juni. Kaka akaenda stendi ya Makambako mara mbili kuangalia mabasi ya Dar es Salaam. Halafu nikawaambia ndege imeharibika. Hakukuwa na ndege. Hata tiketi sikuwa nayo. Pasipoti yangu ilikuwa kwa watu wa uhamiaji wa huku ikisubiri kibali kipya cha kuishi, na tangu asubuhi ile walikuwa wameshaniambia haitoki. Nilisema nakuja kwa sababu mdomo ulikataa kusema siji. Saa mnayomshusha Baba kaburini, mimi nilikuwa nafua mashuka. Naona aibu mpaka leo, na nimewadanganya watu waliokuwa wanalia.

Mama mdogo aliniambia jambo moja ambalo hamkutaka nilijue. Kwamba kaka ndiye aliyekaa mezani na daftari la msiba, na mstari wa kwanza kabisa aliuacha wazi kwa ajili yangu. Kila aliyefika akamwambia, "Anzia wa pili, huo una mwenyewe." Jioni, watu walipotoka makaburini, akaukata kwa kalamu.

Ndani ya bahasha kuna kipande cha karatasi. Nimeandika jina langu, na kwamba ni binti wa marehemu, basi. Kaka, mstari wa kwanza siudai. Nibandike mwisho, chini ya watu wote, chini hata ya wale waliofuata wali. Gundi ikikosekana, ugali wa jana unashika vizuri. Na kama mkono wako hautaki, mpe Mama, atapapasa mpaka aupate mwisho wa ukurasa.

Nisalimie wifi yangu na uvumilivu wake. Nisalimie baba mdogo, mzee wetu wa kanisa, aniombee bila kunitaja jina mbele ya watu. Mama mdogo wa Lupembe mwambieni apumzishe mikono, chai haiishi shambani. Na jirani yetu wa pale mtaa wa Ramadhani, yule muuza mkaa aliyewasha moto wa matanga siku zote zile, mwambieni ahsante yake ninayo.

Lini mtaniona, sisemi. Neno "nakuja" nimelikoma mpaka tiketi iwe mkononi.

Ni mimi mwanao,
Edina

Kaka, Mama akikuuliza mbona umenyamaza, mwambie barua imeisha.