Bili ya Mama Mutheu

Doha

Kwa mdogo wangu Mwikali, Kalamba,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, na uitikie hata kama bado umeninunia. Mguu wa Mama unaendeleaje? Mvua imefika kwetu ama imeishia kwa majirani kama kawaida yake? Mimi ni mzima, ila joto la huku na watoto wa tajiri wangu wamenikausha. Barua hii anakuletea Kamene wa Kwa Vonza, anayefanya kazi nyumba ya pili na anakuja nyumbani likizo. Nimeandika kwa sababu kwa simu tutagombana tena.

Mwikali, nimekuonea wivu, na bado sijamaliza. Mama alipovunjika nyonga, ni wewe uliyempelekea wodini muthokoi wako wa mahindi na maharagwe, ni wewe uliyemsuka nywele. Siku niliyopiga simu, nesi akaniambia, "Mama Mwikali anaendelea poa." Nikamwambia hakuna mgonjwa wa jina hilo. Tangu nizaliwe Mama anaitwa Mama Mutheu, mimi ndiye kifungua mimba. Nesi akacheka: "Sisi tunamjua na yule msichana wake wa kila siku." Nililia jikoni kwa watu nikisingizia vitunguu.

Kisha ukanitumia picha za bili, kurasa tatu. Glavu zimeandikwa mara nne, kila mara na bei yake. Chakula kimelipishwa siku zilezile Mama alizokula muthokoi wako. Kitanda kimehesabiwa mpaka siku mliyoshinda kwenye benchi mkingoja karatasi ya kutoka. Na chini kabisa kuna "mengineyo", ambayo yamepita dawa zote. Mamake Kamene alitengenezwa nyonga hapohapo, na daktari yuleyule, na bili yake haikufika nusu ya yetu. Wivu ukaniambia wewe umekula kitu katikati. Nikakutamkia hivyo, nawe ukakata simu.

Juzi nikapigia ofisi ya malipo ya ile hospitali. Karani alikuwa mpole.

"Kwani operesheni moja iko na bei ngapi?" nikamuuliza.

"Dada, inategemea nani analipa. Mwenye bima ako na bei yake, mwenye keshi ako na yake. Nyinyi mliingia kama watu wa keshi."

"Lakini mamangu ako na kadi ya bima. Mdogo wangu humlipia."

"Haikuonyeshwa akiingia. Hapa imeandikwa atalipiwa na msichana wake wa kwanza, anafanya kazi Doha. Na ni mgonjwa mwenyewe alisema."

Kumbe mamake Kamene aliingia na kadi. Jana nikamuuliza Mama. Hakuficha. Wewe ulikuwa umeenda kutafuta kiti cha magurudumu, na kadi ilikuwa kwenye kiondo chako. Kwa mapokezi wakamuuliza yeye ni nani. Nyonga imevunjika, maumivu yamemjaa, na bado akainua kichwa: "Mimi ni Mama Mutheu. Mutheu ako ng'ambo. Andika hapo." Nilipomuuliza kwa nini hakungoja kadi, akasema, "Ningengoja, wangefikiri sina watu."

Basi nisamehe, mdogo wangu. Hukula kitu. Neno lile lilitoka kwa mtu anayejua kwamba jioni ukimkanda Mama mguu, mikono iliyo pale si yake.

Nisalimie shemeji yangu, mume wako, aliyembeba Mama mgongoni mpaka barabarani. Nisalimie mke wa mchungaji aliyekesha naye usiku wa operesheni, na shangazi yetu wa Kiboko, ambaye najua ameshasikia kila kitu na kuongeza chake.

Manesi waendelee kumwita Mama Mwikali. Jina hilo umelifanyia kazi. Lakini ule ukurasa wa kwanza wa bili usiuwashie moto. Mpe Kamene aniletee. Kurasa zile nyingine sijazielewa hata leo. Huo, wenye jina langu, naelewa kwa nini ulikuwa ghali.

Mimi dada yako mkubwa mwenye wivu,
Mutheu